Uchungu Haujui Kafyu

Jirani yetu wa mlango wa tatu alishikwa na uchungu saa nne usiku. Ilikuwa Aprili 2020. Kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na ploti nzima ilikuwa macho kwa sababu mabati hayafichi sauti. Mumewe alitoka mbio akamgongea jamaa wa boda.

"Bro, nipeleke tu hadi hospitali."

Jamaa alijikuna kichwa. "Buda, si ati nimekataa. Karao wako hapo steji. Wakinishika, piki inaenda, na mimi nalala ndani."

Mtoto alizaliwa alfajiri, mikononi mwa cucu mmoja wa mtaa aliyewahi kuwa mkunga. Mama na mtoto walikuwa wazima. Tukasema ni bahati. Miaka imepita na neno hilo bado linanisumbua. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi, na kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki ikiandikwa hivyo, bahati inaingia wapi?

Mimi naona jibu ni la zamani kuliko korona.

Rudi nyuma hadi 1902. Nairobi ilikuwa mji wa miaka mitatu tu, umeota kando ya reli, wakati tauni ilipozuka kwenye Bazaar ya Wahindi. Hapo watu waliishi na kufanya biashara wakiwa wamebanana, bila mitaro ya maana. Daktari wa serikali aliamuru bazaar ichomwe, ikachomwa. Tauni haikukoma kwa moto huo. Ilirudi tena na tena miaka iliyofuata. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimleta Profesa W. J. Simpson kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki. Ripoti yake ilizungumzia mitaro na takataka, ndio, lakini iliacha alama kubwa zaidi kwa pendekezo lingine: mji ugawanywe kwa rangi, Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Ugonjwa ukawa sababu ya kuchora mipaka. Ukiangalia leo nani ana miti na nani ana mabati, bado unaiona ile ramani.

Sheria ya Afya ya Umma ilikuja 1921, na hadi leo iko vitabuni kama Sura ya 242. Ilimpa afisa wa afya uwezo wa kutenga, kufungia na kuzuia. Kuzuia maambukizi si kosa. Ugonjwa unaoruka kutoka mtu hadi mtu lazima ukatwe njia mahali fulani. Shida ni kwamba sheria hiyo ilizaliwa katika nchi ambayo mwananchi wa kawaida hakuwa na haki ya kumuuliza mtawala swali lolote. Ilijua kumfungia mgonjwa, lakini haikujua kumuuliza amekula nini.

Unadhani hayo ni mambo ya mkoloni? Agosti 2010, mwezi ule ule tulipopiga kura kupitisha Katiba mpya, wagonjwa wa TB walikamatwa kwa kuacha dawa, wakahukumiwa kukaa miezi minane kwenye gereza la Kapsabet. Hukumu ilisema ni kwa ajili ya matibabu. Sheria iliyotumika? Ile ile ya Afya ya Umma. Fikiria: ugonjwa unaoenea kwa hewa, na mgonjwa anapelekwa jela, mahali watu wanalala wamepangwa kama samaki. Ilichukua hadi Machi 2016 kwa Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mumbi Ngugi, kusema wazi kwamba kumfunga mgonjwa wa TB gerezani ni kinyume cha Katiba. Kumtenga mgonjwa kunaweza kuhitajika, lakini jela si hospitali.

Miaka minne baadaye, korona ikafika. Tarehe 13 Machi 2020 tulitangaziwa mgonjwa wa kwanza. Tarehe 27 kafyu ikaanza, na hapa kuna jambo wengi hatukuligundua: kafyu haikutoka kwenye sheria ya afya. Ilitangazwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo nayo ni ya enzi za mkoloni, ya 1950. Kwa hiyo aliyekuja kutukinga na virusi alikuja na rungu. Siku ya kwanza, watu waliokuwa kwenye foleni ya feri pale Likoni walipigwa na kurushiwa vitoa machozi, wakabanana zaidi huku wakikohoa. Siku chache baadaye, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Kufikia mwanzo wa Juni, IPOA ilikuwa imehusisha polisi na vifo 15 tangu kafyu ianze. Aprili 16, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu kupita kiasi za polisi si halali.

Karantini nayo ilikuja na bili. Mtu analazimishwa kukaa kwenye kituo cha serikali, kisha anaambiwa alipe Sh2,000 kwa siku. Hadi Mei ndipo serikali ilikubali kubeba gharama hiyo. Kabla ya hapo, ukiwa unaishi kwa kibarua na unakohoa, ungejitokeza kupimwa? Woga wa bili ulifanya kazi ya virusi.

Turudi kwa jirani. Orodha ya waliosamehewa kafyu ilikuwa orodha ya kazi na huduma: madaktari, wauguzi, walinzi, wanahabari na kadhalika. Kushikwa na uchungu si kazi, na mtu wa boda hakuwa ambulensi. Mwenye gari lake angeweza kujaribu kujieleza kwenye kizuizi. Wa ploti yetu angejieleza akiwa amepanda nini?

Aliyeliona pengo hilo alikuwa daktari kijana, Jemimah Kariuki, aliyekuwa akijifunza ubingwa wa uzazi Hospitali ya Kenyatta. Aliona akina mama wanapungua usiku, na wanaofika wanafika wamechelewa. Akaanzisha Wheels for Life: mama anapiga simu bure, anaongea na daktari, na ikibidi anatumiwa teksi au ambulensi. Alianza na ombi la msaada mtandaoni. Ni kazi ya kupigiwa saluti. Lakini jiulize kwa nini ilibidi daktari mmoja aombe kitu ambacho kingewekwa kwenye tangazo la kafyu kwa sentensi moja.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Sheria zote mbili bado ziko. Mtoto wa mlango wa tatu sasa anaenda shule, na ukimuuliza alizaliwa wapi anaonyesha mlango wa cucu.

Janga lingine litakuja, na orodha nyingine itaandikwa usiku usiku. Kabla haijasainiwa, mtu awe chumbani wa kuuliza: mama akishikwa na uchungu saa nne, mtaa wa mabati, atafikaje hospitali?