Mbegu Ikiwa Tayari Ardhini: Mwaka Mpya na Kumtegemea Mungu Katika Ugogo

Tarehe 1 Januari huwakuta watu wa Dodoma katikati ya kazi. Mvua za msimu huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba na kukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 500 hadi 600. Kengele za usiku wa manane zinapolia, mkulima wa Mvumi au Buigiri amekwisha kupanda uwele na mtama wake, pengine kwa mara ya pili baada ya mbegu za kwanza kuchomwa na jua. Ghala linakaribia kuwa tupu. Mbele yake ipo miezi ile ambayo mvua huweza kukata kwa wiki tatu mfululizo, na bei ya debe la mahindi sokoni hupanda wakati huohuo. Kalenda inasema mwaka umeanza. Yeye yumo ndani ya mwaka mwingine ulioanza zamani, na hajui utaishaje.

Jambo hili linastahili kuzingatiwa na wanateolojia kuliko linavyozingatiwa sasa. Lugha ya mikesha yetu ya Mwaka Mpya, tangu viwanja vya mijini hadi makanisa ya vilima vya Chimwaga yaliyojaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, imekuwa lugha ya kuvuka. Mwaka hupewa jina: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa kumiliki. Muumini huambiwa atakachopokea, na kumtegemea Mungu hugeuka kuwa kungojea mzigo uliokwisha kuandikwa jina lake. Siwadharau wanaokesha. Mwanafunzi ambaye bumu lake, yaani fedha yake ya kujikimu, limechelewa, au kijana wa bodaboda mwenye mkopo, ana haki ya kumlilia Mungu kwa jina lake mwenyewe. Ninachopinga ni kumfanya mtu mmoja na mipango yake kuwa kipimo cha tegemeo lote.

Mkesha wenyewe haukuanza hivyo. Ulikua miongoni mwa Wamoraviani wa Herrnhut katika karne ya 18, ukachukuliwa na John Wesley, ambaye mwaka 1755 aliwaongoza wafuasi wake katika ibada ya agano iliyokuja kuwa desturi ya Wamethodisti mwanzoni mwa mwaka. Katika ibada hiyo, anayeahidi ni muumini: anajitoa atumiwe au awekwe kando, ajazwe au aachwe mtupu, kadiri Mungu apendavyo. Kati ya sala hiyo na bango linalotangaza mwaka wa kumiliki kuna umbali mkubwa, ingawa zote ni za mwanzo wa mwaka.

Andiko linalozifaa zaidi nyanda hizi za kati, kwa maoni yangu, ni sura ya 11 ya Kumbukumbu la Torati. Musa analinganisha nchi mbili. Misri ilimwagiliwa kwa jasho la mkulima, kama bustani ya mboga. Kanaani, nchi ya vilima na mabonde, hunywa mvua ya mbinguni, na macho ya Mungu huiangalia tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake. Mtu wa mjini akiisoma sura hii atadhani Misri ndiyo iliyobahatika. Musa anaona kinyume: nchi isiyo na mto wa kuaminika ndiyo iliyo chini ya jicho la Mungu kila siku. Mgogo, mwenyeji wa nchi hii ya Dodoma, hahitaji kuelezwa. Mito ya kwao ni makorongo ya mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Lakini je, jiji? Serikali imehamia, Dodoma ilitangazwa kuwa jiji Aprili 2018, mabomba yamefika mitaa mingi, na mtu anaweza kuishi hapa kwa miaka bila kutazama mawingu. Yaonekana tumehamia Misri. Hata hivyo, kwa miongo mingi mji huu umetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya bonde hilo. Waligundua kwamba maji hayo hayaongezeki kidogo kidogo kila mwaka. Hushuka kwa miaka kadhaa, kisha hujazwa katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Mkazi wa mtaa wa Area D anayefungua bomba Januari hii huenda anakunywa mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa. Yeye pia yuko Kanaani, ila ametenganishwa na mawingu kwa mita nyingi za mwamba na kwa ankara ya maji.

Hapa hujitokeza pingamizi zito, nalo limo katika sura ileile. Musa anaifungamanisha mvua na utii: mkigeukia miungu mingine, mbingu zitafungwa. Je, ukame wa Ugogo ni hukumu? Wazee wa zamani walikuwa na jibu lao. Peter Rigby, aliyeandika juu ya Wagogo katika miaka ya 1960, anaeleza jinsi mtemi wa kila nchi alivyokuwa mwangalizi wa mawe ya mvua, na jinsi kukosekana kwa mvua kulivyochukuliwa kuwa ni kuchafuka kwa nchi nzima, kulikotakiwa kutakaswa na watu wote. Wamisionari wa chama cha Kianglikana cha CMS, waliofika Mpwapwa mwaka 1876, waliyakataa mawe hayo. Sidhani walikosea katika hilo. Kilichopotea pamoja na mawe ni ule wingi: mvua ilikuwa jambo la nchi, na hakuna aliyeiomba inyeshe kwenye shamba lake tu. Walokole wa baadaye, watu wa uamsho, walihubiri toba ya mtu mmoja mmoja, na matunda yake tuliyaona, lakini shamba halinyeshewi kwa toba ya mtu mmoja.

Jibu la Agano Jipya kwa pingamizi hilo ni wazi: Yesu anasema Baba huwanyeshea wenye haki na wasio haki, na anakataa kuwahukumu waliouawa na mnara wa Siloamu kuwa walikuwa wabaya kuliko wenzao. Historia ya Dodoma inaongeza jibu jingine. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ulipatwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kwamba huenda watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Mvua zilikosekana, ni kweli. Lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Anayeisimulia Mtunya kama adhabu ya mbinguni anayasamehe majeshi mawili kwa gharama ya Mungu.

Kwa hiyo kumtegemea Mungu hakuwezi kuwa pazia la kuficha mkono wa mwanadamu, wala kisingizio cha kutochukua hadhari. Kanisa la Tanzania limewahi kulisema hili mwanzoni mwa mwaka: mwishoni mwa Januari 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki liliwahimiza waumini wasali na pia wajikinge na korona, wakati ambapo sala na kinga zilizungumzwa nchini kana kwamba ni mahasimu.

Unabii wa mwaka, ambao mikesha yetu inaupenda mno, una mfano wake katika Matendo ya Mitume. Nabii Agabo alitabiri njaa. Wakristo wa Antiokia hawakushangilia, wala hawakuomba iwapite wao. Walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi. Utabiri ukazaa mchango. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla ya Novemba, na ni nadra kusikia ukisomwa madhabahuni, hata mahali ambapo nabii mgeni hupewa saa nzima.

Pendekezo langu ni dogo na linahusu ratiba. Parokia na mitaa ya Dodoma hupokea sadaka ya mavuno baada ya kuvuna, katikati ya mwaka: magunia ya uwele, karanga, alizeti na kuku. Kwa kawaida hunadiwa siku hiyohiyo, wakati bei iko chini, na fedha huingia katika ujenzi. Januari mjane aliyetoa debe lake hununua debe kama hilo kwa bei ya juu zaidi. Sehemu ya nafaka hiyo ingekaushwa vizuri, ikawekwa ghalani chini ya kamati inayotoa hesabu kwa usharika, na kufunguliwa usiku wa mkesha, baada ya maombi ya mvua na kabla ya maombi ya mtu mmoja mmoja. Mabati ya kanisa yanaweza kusubiri hadi mavuno mengine.