Mfungwa na Ada ya Daktari: Funzo la Bedford



Mwaka 1773, katika wilaya ya Bedford nchini Uingereza, mwenye mashamba mmoja aitwaye John Howard aliteuliwa kuwa sherifu. Cheo hicho kilikuwa cha heshima zaidi kuliko kazi, na masherifu wengi waliwaachia wasaidizi wao gereza na mambo yake yote. Howard hakufanya hivyo. Yeye mwenyewe aliwahi kuonja kifungo: mwaka 1756, alipokuwa safarini kwenda Lisbon, meli yake ilitekwa na Wafaransa, naye akafungwa huko Brest pamoja na wenzake, kwa njaa na kiu. Basi alipokabidhiwa gereza, aliingia ndani ili aone kwa macho yake.

Jambo lililomshtua zaidi lilikuwa hesabu ya fedha. Mkuu wa gereza la Bedford hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada alizowatoza wafungwa. Kabla ya kutoka, kila mmoja alipaswa kumlipa yeye shilingi 15 na peni 4, na kumlipa mshika funguo shilingi 2. Watu ambao mahakama imewaona hawana hatia, na wengine ambao washtaki wao hawakutokea kabisa, walirudishwa gerezani na kukaa humo mpaka walipe. Aliyekuwa na jamaa wenye uwezo alitoka. Asiye na mtu alibaki, ingawa hakuwa na kosa.

Howard aliwaendea mahakimu wa wilaya, akawaomba wampe mkuu wa gereza mshahara ili ada ziondolewe. Mahakimu waliona uzito wa jambo hilo, lakini waliogopa kuibebesha wilaya gharama mpya bila mfano wa kufuata. Wakauliza: je, kuna wilaya nyingine inayofanya hivyo? Howard akapanda farasi kwenda kuutafuta mfano huo katika wilaya za jirani. Hakuupata. Alichokikuta kila mahali ni dhuluma ile ile, na pamoja nayo ugonjwa.

Ugonjwa huo uliitwa homa ya jela. Leo twaujua kwa jina la tifusi, nao huletwa na chawa. Katika vyumba visivyo na hewa wala maji ya kutosha, homa hiyo iliwaua wengi. Howard alisadiki kwamba wafungwa waliokufa kwa homa walikuwa wengi kuliko wote walionyongwa kwa hukumu katika nchi nzima. Wala haikukaa ndani ya kuta. Mwaka 1750 ilitoka na washtakiwa hadi katika mahakama ya Old Bailey mjini London, ikaua makumi ya watu, miongoni mwao Meya wa mji na mahakimu wawili. Waliodhani kwamba afya ya mfungwa ni shauri lake mwenyewe walijibiwa na maiti zao wenyewe.

Mwaka 1774 Howard alitoa ushuhuda mbele ya Bunge, na mwaka huo huo sheria mbili zikapitishwa. Ya kwanza iliamuru kwamba aliyeachiliwa na mahakama atoke bila kudaiwa kitu. Ya pili iliamuru kuta zipakwe chokaa, vyumba vipitishe hewa, wagonjwa watengewe mahali pao, na mganga awekwe kwa ajili ya wafungwa. Howard alichapisha sheria hizo kwa fedha zake, akazipeleka kwa wakuu wa magereza ya nchi. Hata hivyo wengi walizipuuza, na ada za magereza hazikufutwa kisheria hadi mwaka 1815, miaka 25 baada ya kifo chake.

Tungetazamia kwamba jambo hilo limekwisha. Lakini katika karne ya ishirini desturi ya kumdai mfungwa ilirudi nchini Marekani, safari hii penye mlango wa daktari. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitoa hukumu katika shauri la mfungwa wa Texas aliyeangukiwa na robota la pamba akiwa kazini. Mahakama ilisema kwamba serikali inayomfunga mtu inapaswa kumtibu, kwa sababu mfungwa hawezi kwenda kujitafutia tiba. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1981, jimbo la Nevada lilianza kuwatoza wafungwa ada ya kumwona daktari, na majimbo mengi yakafuata. Mwaka 2000 Bunge la Marekani likaruhusu ada hiyo katika magereza ya shirikisho.

Waliotetea ada walikuwa na hoja zao. Walisema kwamba mlipa kodi apunguziwe mzigo, na kwamba mfungwa asimsumbue daktari kwa mambo madogo. Waliweka pia msamaha kwa hali za hatari. Hoja hizi si za kudharauliwa, lakini tuzipime kwa mapato ya mfungwa mwenyewe. Katika magereza ya shirikisho ada ni dola 2, na mfungwa wengi wa aina yake hulipwa senti 12 hadi 40 kwa saa. Basi kumwona daktari mara moja ni kazi ya saa 5, au hata zaidi ya saa 16. Huko Texas, ambako wafungwa wengi hawalipwi chochote, mwaka 2011 ada iliwekwa kuwa dola 100 kwa mwaka; mwaka 2019 ikabadilishwa kuwa dola 13 na senti 55 kwa kila mara. Mwenye kikohozi husubiri. Naye hajui kama kikohozi chake ni kidogo au ni kifua kikuu, kwa maana kujua hivyo ndiyo kazi ya daktari. Mwaka 2019 jimbo la California liliacha kutoza ada hiyo.

Umoja wa Mataifa ulikubali mwaka 2015 kanuni zilizopewa jina la Nelson Mandela, ambaye alifungwa miaka 27. Kanuni ya 24 yasema kwamba tiba ya wafungwa ni wajibu wa serikali, nayo itolewe bure. Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 18, yaagiza kwamba kila aliyefungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai, afya na heshima yake.

Sisi tunajua umbali uliopo kati ya maandishi hayo na maisha. Katika miji yetu ni jamaa wanaopeleka chakula gerezani, na mara nyingi dawa pia. Bwana wetu alijihesabu kati ya wafungwa na wagonjwa, wala hakutenga kundi moja na jingine. Basi tunapokwenda kuwatembelea na sabuni na unga, tuulize pia alivyouliza Howard: katika gereza hili nani anamlipa nani, na akiugua yule asiye na jamaa, hutibiwa na nani?