Kamusi na Uasi katika Filamu ya Alphaville

Makala haya yanakusudia kuichunguza filamu ya Alphaville, iliyotungwa na kuongozwa na Jean-Luc Godard na kutunukiwa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 1965. Ni hadithi ya mji wa siku zijazo unaotawaliwa kiimla na kompyuta iitwayo Alpha 60, na ya mgeni, Lemmy Caution, anayeingia humo na kuuangusha utawala huo. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, jambo lenye uzito zaidi ni silaha ya dola hiyo, yaani kamusi.

Katika chumba cha hoteli mna kitabu kiitwacho Biblia, kumbe ni kamusi. Maneno yanayoamsha hisia hupigwa marufuku, na toleo jipya huletwa mahali pa lile la zamani. Natacha von Braun, binti wa mwanasayansi aliyeiunda mashine hiyo, hajui maana ya "upendo" wala "dhamiri". Fikra hii haikuanza na Godard. Mwaka 1949 George Orwell, katika riwaya ya Nineteen Eighty-Four, alionyesha dola inayopunguza msamiati ili wazo la uasi likose neno la kulibeba.

Je, historia yaafikiana nao? Godard hakujenga mji wa kubuni; alipiga picha Paris yenyewe, mji uliokombolewa kutoka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1944. Basi ni halali kuipima filamu yake kwa dola ya Hitler. Shahidi wetu ni Victor Klemperer, profesa Myahudi wa lugha za Kirumi mjini Dresden, aliyefukuzwa kazi mwaka 1935. Kitabu chake LTI, kilichotolewa mwaka 1947, chaeleza kwamba Wanazi hawakubuni maneno mengi. Waliyageuza thamani yale yaliyokuwepo na kuyakariri mpaka yakazoeleka. Neno "fanatisch", lililokuwa la kulaumu ushupavu usio na akili, likawa la sifa. Vivyo hivyo, katika nyaraka za dola hiyo, kuua watu kuliitwa "kuwahudumia kwa namna ya pekee". Maneno hayakufutwa, yalitekwa nyara.

Hata filamu yenyewe, ikitazamwa kwa makini, haiafiki kwamba neno likifutwa hisia nayo hufa. Miongoni mwa maneno yaliyotoweka ni "kulia"; na bado mtu mmoja anahukumiwa kifo kwa kuwa alilia mkewe alipofariki. Kamusi ilikwisha kulifuta neno, lakini chozi lilitoka. Mwishoni, wakiutoroka mji, Natacha anatafuta namna ya kutamka kwamba anapenda. Caution anakataa kumwambia maneno hayo. Sharti ayafikie mwenyewe, naye anayafikia. Hapo ndipo uasi wake unapokamilika.

Kwa kutamatisha, yatupasa sisi tunaotunga kamusi kuzingatia hatari mbili. Kidahizo kilichoondolewa huacha pengo ambalo mtu aweza kuliona na kuliuliza. Kidahizo kilichobaki huku maana yake imepotoshwa hakiachi pengo lolote. Kwa hiyo, kuhifadhi matumizi ya kale ya neno pamoja na tarehe na mifano yake si pambo la kitaaluma. Ni ushahidi utakaohitajiwa siku watawala watakapodai kwamba neno hilo halikuwahi kuwa na maana nyingine.