Kenya Haina Sokwe wa Msituni. Hawa wa Laikipia Walitoka Wapi?

Wasee, tuanze na jiografia kidogo. Kenya haina sokwe wa msituni. Uganda wako, Tanzania wako, Rwanda na Burundi wako. Hapa kwetu, zii. Lakini panda matatu hadi Nanyuki, uingie Ol Pejeta, utapata sokwe wakiishi kando ya mto Ewaso Nyiro. Mahali panaitwa Sweetwaters. Hawakuhamia hapo wenyewe. Waliletwa, na hiyo historia inatuhusu sisi wa simu na bando kuliko tunavyodhani.

Rudi 1993. Taasisi ya Jane Goodall ilikuwa inatunza sokwe mayatima pale Bujumbura, wengi wakiwa wameokolewa mikononi mwa watu. Mwaka huo Burundi ikaingia vitani. Sokwe wakahitaji pa kukimbilia, na Ol Pejeta, KWS na taasisi hiyo wakakubaliana kuwafungulia makao Laikipia. Kwa hivyo wakazi wa kwanza wa Sweetwaters walikuwa wakimbizi, kama watu wengi wa eneo hili miaka hiyo.

Mmoja wa hao wa Burundi anaitwa Poco. Miaka tisa aliishi kwenye kizimba kidogo kilichotundikwa juu kwenye karakana, kazi yake kuvutia wateja. Kizimba kilikuwa chembamba hivi kwamba angeweza tu kukaa ama kusimama wima. Alipotolewa, akaendelea kutembea kwa miguu miwili kama mtu. Wageni walikuwa wakiona hivyo wanacheka, wanatoa kamera. Maze, hiyo haikuwa talanta. Ilikuwa alama ya kizimba.

Kuna msee atauliza: sasa mbona Kenya ibebe mzigo wa wanyama wa nchi zingine? Jibu liko uwanja wetu wa ndege. Januari 2005, kreti ilifunguliwa JKIA. Ilikuwa imefika Misri, ikakataliwa, ikarudishwa Nairobi. Ndani kulikuwa na sokwe wachanga sita na tumbili kadhaa. Sokwe mmoja alikufa. Waliobaki wakapelekwa Sweetwaters. Sisi hatuna msitu wa sokwe, lakini tuna ndege za kwenda kila pembe, na magendo hufuata ndege.

Na ujue mtoto wa sokwe hapatikani kirahisi. Mama hamwachilii, na kundi lake linapigana. Mwindaji anaua wakubwa ndio apate mdogo mmoja wa kuuza. UNEP, hawa hawa wa Gigiri, walitoa ripoti 2013: kati ya 2005 na 2011, nyani wakubwa, yaani sokwe, gorila na jamaa zao, zaidi ya 22,000 walipotea msituni kwa sababu ya biashara haramu. Hesabu hiyo ina waliokufa pia, si waliouzwa pekee.

Nani ananunua? Angalia Manno. Alikuwa Duhok, kule Kurdistan ya Iraki, kwenye bustani ya wanyama ya mtu binafsi. Alivalishwa nguo za watoto, akalishwa peremende na soda, wageni wapige naye picha. Mwishoni mwa 2016 akafikishwa Sweetwaters.

Hapa ndipo video nyingi za uokoaji huishia: kizimba kinafunguliwa, muziki unapanda, watu wanalia kwa comments. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Mgeni anawekwa karantini, anapimwa magonjwa kama kifua kikuu. Halafu anaonyeshwa wenzake polepole, wavu ukiwa katikati, kwa sababu sokwe wanaweza kumuua mgeni. Anajifunza vitu ambavyo mama yake angemfundisha: kupanda mti, kuchambua manyoya ya mwenzake, kujua nani mkubwa na lini anyamaze.

Na hata akijifunza yote, harudi porini. Msitu wake haupo Kenya, amezoea binadamu, na anaweza kubeba magonjwa yetu kuwapelekea wale wa porini. Majike wanapewa dawa za kuzuia mimba ili nafasi ibaki kwa mayatima wengine. Sokwe anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Piga hesabu ya chakula, daktari, ua wa umeme na mishahara ya walinzi, nusu karne, kwa mnyama mmoja ambaye mtu alimtaka kwa birthday.

Mimi naishi kwa kutengeneza video. Chuo niliacha, algorithm ndiyo bosi wangu, na najua mtoto wa sokwe mwenye pampers anapata views kuliko chochote nitakachowahi kuandika. Ndiyo maana naleta hii stori hapa. Kila tunaposhare hiyo video na kuandika "namtaka pia", tunamfanyia muuzaji tangazo bila malipo. Yule wa karakana Bujumbura alihitaji kutundika kizimba ndio watu watazame. Siku hizi kizimba kiko kwa simu yako, na wateja ni dunia nzima.

Ukikutana nayo, usiilike, usiicommentie hata kwa hasira, maana hasira pia ni views. Iripoti, upite. Bill ya miaka 50 tayari inalipwa Laikipia.