Kamati ya shule (Rungwe)

Kamati ya shule ni chombo cha wazazi na walimu kinachosimamia shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania. Msingi wake ni Sheria ya Elimu ya 1978. Kwa shule za sekondari chombo kama hicho huitwa bodi ya shule. Katika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, shule za serikali zimo chini ya halmashauri mbili: Rungwe, yenye makao yake Tukuyu, na Busokelo.

Wazazi huchagua wawakilishi wao, na mwalimu mkuu huwa katibu. Kamati hupanga maendeleo ya shule, hufuatilia mahudhurio na hukagua mapato na matumizi. Madaraka yake yaliongezeka chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002–2006, uliofuta ada na kulenga ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka.

Januari 2016, elimu bila ada ilifika pia sekondari hadi kidato cha nne. Ada ikiwa imefutwa, kamati imara husoma hesabu mbele ya mkutano wa wazazi, kwa kuwa michango ya hiari hutegemea uaminifu.