Daftari la Polisi na Tatizo la Kulinganisha Uhalifu wa Kijiji na Maeneo Jirani: Sungusungu katika Usukuma na Unyamwezi, Miaka ya 1980

Mtafiti anayetaka kujua iwapo wizi wa ng'ombe ulipungua katika kijiji fulani cha Usukuma au Unyamwezi baada ya kuundwa kwa Sungusungu huelekea kuanzia kwenye daftari la kituo cha polisi. Huhesabu kesi za kijiji hicho na za vijiji vinavyokizunguka, kisha hugawa kwa idadi ya wakazi. Makala haya yanadai kwamba, kwa kipindi hiki, njia hiyo hupima zaidi mahali kesi ilikopelekwa kuliko wingi wa wizi wenyewe.

Sungusungu walizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika eneo la mpaka wa mikoa ya Shinyanga na Tabora. Wizi wa mifugo ulikuwa umekithiri, na bunduki zilikuwa zimeenea baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979. Dola nayo ilikuwa na doa. Katika msako wa mwaka 1976 watuhumiwa walifia mikononi mwa vyombo vyake huko Mwanza na Shinyanga, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Wanakijiji wakajilinda kwa pinde na mishale, wakamwita kiongozi wao ntemi, ingawa utemi ulikwisha kufutwa na serikali miaka ishirini hivi kabla.

Hapa ndipo hesabu inapoharibika. Mtuhumiwa aliyekamatwa baada ya kupigwa mwano, yaani yowe la hatari, aliamuliwa papo hapo kijijini: alitozwa faini au alitengwa na jamii. Kesi yake haikuandikwa kituoni. Jirani asiye na Sungusungu aliendelea kushtaki polisi, na yaelekea alipokea pia wezi waliofukuzwa kwingine. Tofauti kati ya vijiji hivyo viwili ikakuzwa mara mbili. Naona kwamba kasi ambayo Sungusungu walienea nayo ilitokana, walau kwa sehemu, na hofu ya kijiji kubaki peke yake kikiwa kimbilio la wezi.

Idadi ya wakazi nayo si ya kutegemewa sana, kwani sensa zilizopo ni za 1978 na 1988 tu.

Zito zaidi ni lile ambalo daftari halikuliona kabisa. Sungusungu waliwaandama pia watuhumiwa wa uchawi, wengi wao wanawake wazee. Kijiji kilichoonekana shwari kwa kigezo cha mifugo huenda hakikuwa shwari kwa bibi aliyefukuzwa nyumbani kwake, na waliopaswa kutoa taarifa ndio hao hao waliomfukuza.

Mwaka 1989 sheria iliwapa Sungusungu mamlaka ya kukamata watu. Kesi zilizoanza kurudi kituoni baada ya hapo zaweza kusomwa kimakosa kuwa ongezeko la uhalifu. Kwa sababu hiyo, ulinganisho unaofaa uanzie kwenye kumbukumbu za faini za vijiji vyenyewe na masimulizi ya kaya zilizoibiwa, pamoja na yale ya kaya zilizotengwa, ndipo daftari la polisi lifunguliwe.