Picha za Bibi na ile kamera yangu

 

Wengi mmeniuliza, hasa Shangazi, zile picha za Bibi nilizopiga Tanga mwaka 2005 zilikwenda wapi. Nilikuwa nasema "zipo, nitatuma". Leo naungama: niliziharibu mwenyewe. Ili mnielewe itabidi niwape historia kidogo, vumilieni.

Niliporudi huku mwaka ule, kompyuta yangu ilikuwa ya Linux, ule mfumo wa bure alioanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Nikachomeka kamera kwa waya wa USB. Kimya! Hakuna kilichofunguka.

Kumbe waya wa USB, uliotoka mwaka 1996, ni barabara tu. Kinachopita juu yake ni habari nyingine. Kamera yangu ilijua lugha mbili. Ya kwanza ni PTP, ya mwaka 2000, ambayo kompyuta inaiomba kamera picha moja moja kupitia programu kama gPhoto. Ya pili, kamera inajifanya diski. Yangu ilikuwa kwenye PTP, nikabadilisha kwenye menyu yake. Nikaandika dmesg, nikaona kompyuta imepata diski mpya, sda.

Hilo jina lina kisa chake. Herufi "sd" zinatokana na diski za SCSI, mtindo uliopitishwa rasmi mwaka 1986. Waliotengeneza USB hawakubuni amri mpya za kusoma diski, walichukua zile za SCSI wakazipitisha kwenye waya wao. Ndiyo maana kamera ya mfukoni ikapewa jina la ukoo wa mashine za maofisini.

Lakini kuonekana siyo kufunguka. Ilibidi niandike mount. Amri hiyo ni ya Unix, iliyotengenezwa Bell Labs, Marekani, na mwaka 1971 ilikwishakuwepo. Zama zile diski nyingine zilikuwa za kutoa na kuweka. Mtu anaibeba kwa mikono, anaipachika kwenye mashine, halafu anaiarifu mashine kwamba imepachikwa. Akimaliza anaaga kwa umount, ndipo anaitoa. Linux ikarithi adabu hiyo. Basi nikaandika:

mount -t vfat /dev/sda1 /mnt/kamera

Ikafunguka! Ndani nikakuta folda ya DCIM, jina ambalo watengenezaji wa kamera wa Japani walikubaliana mwaka 1998. Bibi huyo hapo, yuko barazani anacheka.

Sasa hiyo vfat ndiyo kiini cha maafa yangu. Mzizi wake ni FAT, iliyoanzia Microsoft mwaka 1977 kwa diski ndogo za wakati huo. Ni kama daftari la muuza duka. Picha imekatwa vipande, na daftari linasema kipande kipi kinafuata kipi. Kamera ziliipenda kwa sababu ni nyepesi na kila kompyuta inaielewa. Ila daftari likichafuka, mali imo dukani na hakuna anayejua iko rafu gani.

Usiku ule nilifuta picha zilizotoka vibaya, nikachomoa waya, nikalala. Sikuaga. Linux haiandiki papo hapo. Mabadiliko inayashika kwanza kwenye kumbukumbu yake, kisha ndiyo inayapeleka kwenye kadi. Nilichomoa daftari likiwa limeandikwa nusu. Asubuhi nilikuta majina ya ajabu ajabu na picha hazifunguki. Nilikuwa sijanakili hata moja. Bibi naye akafariki kabla sijarudi tena nyumbani... Nikaona aibu kusema. Kadi nikaihifadhi kwenye kopo.

Mwaka huu nikaitoa. Kamera yenyewe ilishakufa, nikatumia kisoma kadi. Siku hizi Linux inafungua yenyewe, kwa hiyo kwanza nikaifunga kwa umount. Halafu nikanakili kadi nzima kuwa faili moja kwa amri ya dd, nisije nikaharibu tena. Faili hilo nikalipa PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier. Yenyewe hailisomi daftari kabisa. Inapita dukani kipande kwa kipande ikitafuta alama ambayo kila picha ya JPEG huanza nayo. Katika picha 43, zimepatikana 31. Nyingine zimekatika katikati, nyingine sikuziona tena.

Na nyie wadogo zangu, mkikwama fuateni njia hiyo hiyo: je, kamera inajifanya diski? dmesg inasema nini? Kadi ni ya aina gani? Kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida hutumia exFAT, ambayo iliingia ndani ya Linux yenyewe mwishoni mwa mwaka 2019, katika toleo la 5.4. Kompyuta yenye Linux ya zamani inaweza kuikataa kadi nzima kabisa. Na mkimaliza, ageni kwanza ndipo mchomoe.

Shangazi, naomba unisamehe kwa kukuzungusha miaka yote hii. Ile ya Bibi akicheka barazani imo kwenye zile 31. Nakutumia leo leo.